Mwaka Mpya wa Kichina mjini Guangzhou: fikeni mapema, kaeni mji mmoja

Swali: Mimi ni mfanyabiashara wa nguo za watoto katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, na nimekwisha kufika Guangzhou mara tatu kwa shughuli za mzigo. Mwaka 2027 nataka kwenda na mume wangu na mama mkwe wangu, ambaye ana miaka 67, tukaone Mwaka Mpya wa Kichina. Nimepanga siku 10: tufike Guangzhou tarehe 4 Februari, tukae siku 3 huku nikiagiza mzigo, kisha twende Shanghai na Beijing kwa treni, na turudi nyumbani kupitia Hong Kong. Sisi ni Waislamu. Je, mpango huu unafaa?

Jibu:

Dada yangu, nakushukuru kwa kunieleza mpango wako tarehe kwa tarehe, kwa sababu tatizo lenyewe limo ndani ya tarehe hizo. Umeunganisha safari tatu katika moja: safari ya biashara, safari ya sikukuu, na ziara ya miji mikubwa ya China. Kila moja ni safari nzuri kwa wakati wake, lakini katika juma la Mwaka Mpya ni ile ya sikukuu peke yake inayowezekana. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mfike mapema kuliko ulivyopanga, mkae Guangzhou siku zote, msipande treni yoyote ya masafa marefu, na shughuli za mzigo uzimalize kabla au uziahirishe hadi baadaye. Nimewapokea wageni wa Afrika Mashariki mjini humo kwa miaka mingi, na wale waliorudi nyumbani wakiwa wameridhika ni wale waliotulia mahali pamoja.

Sababu yake ni asili ya sikukuu yenyewe. Sikukuu ya Machipuko, ambayo Wachina huiita Chunjie na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi Disemba 2024, ni sikukuu ya kurudi nyumbani. Kiini chake ni mlo wa usiku wa mkesha, ambapo wazazi, watoto na wajukuu huketi meza moja, na mtu anaweza kusafiri siku mbili ili asiukose. Sisi wa pwani tukisikia sikukuu kubwa hufikiri kwamba mji utajaa, kama Lamu inavyojaa wakati wa Maulidi. Guangzhou hufanya kinyume chake: hupwa. Ni mji ambao sensa ya 2020 iliukuta na watu zaidi ya milioni 18, na sehemu kubwa ya watu hao walitoka Hunan, Guangxi, Sichuan, Jiangxi na kwingineko kuja kutafuta riziki. Sikukuu ikikaribia wanarudi makwao, maduka ya vichochoroni yanashusha milango ya chuma, na mitaa uliyoizoea ikiwa na mikokoteni na marobota ya nguo inakuwa mitupu kiasi cha mgeni kudhani kuna jambo baya limetokea.

Mwendo huo wa watu una jina lake, chunyun, na huhesabiwa kwa muda wa siku 40, kuanzia siku 15 hivi kabla ya Mwaka Mpya. Mwaka 2027 Mwaka Mpya utaangukia Jumamosi, tarehe 6 Februari, kwa hiyo msongamano utaanza yapata tarehe 22 Januari na kuendelea hadi mwanzoni mwa Machi. Mapema mwaka 2008, theluji na barafu zilipokata njia za reli na umeme katika mikoa ya kati na ya kusini, mamia ya maelfu ya wasafiri walikwama nje ya kituo cha reli cha Guangzhou kwa siku kadhaa, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa viwandani waliokataa kuondoka kwa sababu walitaka kufika kwao kabla ya mkesha. Tangu hapo reli za mwendo kasi zimeongezeka mno na hali kama ile haijarudi kwa kiwango hicho. Hata hivyo nakitaja kisa hicho ili uone uzito wa jambo utakalokuwa unashindana nalo ukienda kutafuta tiketi tatu za kwenda Shanghai katika siku hizo.

Tiketi za treni nchini China hufunguliwa siku 15 kabla ya safari katika mfumo rasmi unaoitwa 12306, nawe unaweza kujisajili humo kwa pasipoti yako. Kwa njia zenye watu wengi, nafasi za siku za sikukuu huisha ndani ya dakika chache tangu kufunguliwa. Wewe unayejua taabu ya kupata tiketi ya treni ya Mombasa kwenda Nairobi katika wiki ya Krismasi, ichukue taabu hiyo uizidishe kwa nchi nzima. Tena Guangzhou mpaka Beijing ni kilomita zipatazo 2,300, ambazo hata kwa treni ya kasi huchukua karibu saa nane za kuketi, na mwisho wake ni mji wenye baridi ya chini ya sifuri, ambako Kasri la Kifalme huuza tiketi zake kwa majina na namba za pasipoti siku 7 kabla. Ukikosa siku hiyo, umekosa. Sioni busara ya kumpitisha mama mkwe wako katika hayo. Beijing na Shanghai zinastahili safari yao wenyewe, mwezi Aprili baada ya Qingming, sikukuu ya kuzuru makaburi, au katikati ya Oktoba baada ya wiki ya Siku ya Taifa kwisha.

Lipo jambo moja katika mwendo huu linaloweza kukufaa. Kabla ya Mwaka Mpya watu wanatoka Guangzhou, na baada yake wanarudi. Ndani ya China, basi, anayeingia Guangzhou katika wiki ya mwisho ya mwaka wa Kichina anakwenda kinyume cha wengi na hupata nafasi kwa urahisi zaidi. Ndege za kutoka kwetu haziko hivyo, kwa kuwa Wachina wanaofanya kazi Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo nao wanarudi makwao kwa sikukuu, na wanapanda ndege zilezile utakazopanda wewe, ziwe za Kenya Airways kutoka Nairobi, za Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa, au za Air Tanzania kutoka Dar es Salaam. Nafasi hizo zikate mapema, ikiwezekana kabla ya mwisho wa Oktoba, na ukubali kulipa nauli ya juu kidogo kwa tiketi inayokuruhusu kubadili tarehe ya kurudi.

Sasa niseme juu ya mzigo, kwa maana najua ni vigumu mfanyabiashara kukaa Guangzhou siku 9 bila kuagiza kitu. Viwanda huanza kuwaruhusu wafanyakazi wiki moja hadi mbili kabla ya Mwaka Mpya, na vingi havirudi katika mwendo wake wa kawaida mpaka baada ya siku ya 15, ile ya Sikukuu ya Fanusi, ambayo mwaka huo itakuwa tarehe 20 Februari. Katika masoko ya jumla, vibanda hufungwa kimoja kimoja tangu wiki ya mwisho ya Januari, na utakayemkuta amebaki anamaliza masalia na kudai madeni. Oda utakayoiweka siku hizo itapokewa kwa tabasamu, lakini kitambaa hakitakatwa mpaka mwishoni mwa Februari au Machi, nawe utakuwa umetanguliza malipo kwa kiwanda kisicho na mtu ndani. Nimewaona wafanyabiashara wenzako wakipoteza msimu mzima wa Idi kwa sababu waliamini ahadi ya mzigo kutoka siku 10 baada ya sikukuu, na mwaka huo Idi itakuwa mapema Machi. Nguo za Idi ziagize Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, uhakikishe zimeingia kwenye kontena kabla ya mwisho wa Disemba. Ukitaka kuona bidhaa mpya kwa macho, rudi mwezi Aprili, wakati yanapofanyika yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou ambayo yamekuwapo tangu 1957. Mwezi Februari sokoni kwako kuwe kwa matembezi tu. Mtaa mmoja unafaa kwa hilo hata siku za mwisho, nao ni Yide, ambao huuza mapambo mekundu ya sikukuu kwa jumla na rejareja. Usipite siku ya Jumamosi kama mama yupo nawe, kwa sababu ya msukumano.

Tarehe ninazokupendekezea ni hizi: mfike Jumamosi tarehe 30 Januari, na muondoke usiku wa Jumapili tarehe 7 Februari, au kwa kuchelewa kabisa Jumatatu tarehe 8. Tarehe hiyo ya kuondoka sikuichagua kwa ajili ya Wachina. Mwaka Mpya wao huanza siku ya mwezi mpya, na mwezi huohuo mpya wa Februari 2027 ndio utakaotuandamia Ramadhani, siku moja au mbili baadaye, yaani Jumatatu tarehe 8 au Jumanne tarehe 9. Kalenda ya Kichina huongeza mwezi wa 13 kila baada ya miaka michache ili sikukuu isitoke katika majira yake, ilhali yetu hurudi nyuma siku zipatazo 11 kila mwaka, na katika miaka hii ya 2026, 2027 na 2028 kalenda hizi mbili zinapita mahali pamoja. Nadhani mngependa kuwa nyumbani kwa futari ya kwanza. Endapo mtapenda kuionja Ramadhani ya Guangzhou, misikiti ipo na tarawehe zinaswaliwa, ila mjue kwamba mtahitaji kupanga daku na futari katika siku ambazo migahawa mingi imefungwa.

Wakati halisi wa Guangzhou, na huu ndio ninaokusihi msiukose, ni siku tatu za kabla ya Mwaka Mpya, ambazo mwaka huo zitakuwa tarehe 3, 4 na 5 Februari. Miji mingine ya China ina magulio yake ya hekaluni na maonyesho ya taa, lakini Guangzhou ina masoko ya maua. Kila wilaya hufunga barabara au uwanja, hujenga vibanda vya mianzi au vya chuma, na watu wa mji, wale wasiokuwa na kwao kwingine pa kurudi, hutoka familia nzima kwenda kile wanachokiita kutembea mtaa wa maua. Soko la Barabara ya Xihu katika wilaya ya Yuexiu ndilo lenye sifa ya kale zaidi. Kinachouzwa hakichaguliwi kwa uzuri tu. Matawi ya mpichi yenye maua ya waridi hununuliwa na vijana wanaoomba kupata mchumba. Miti midogo ya vichungwa, iliyobeba matunda mamia kwa mamia, huwekwa mlangoni kwa jozi, kwa kuwa katika Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou, jina la tunda hilo linalingana kwa sauti na neno la heri. Yako maua meupe yenye harufu kali yanayooteshwa ndani ya bakuli la maji na mawe, ambayo mwenye nyumba hujitahidi yachanue asubuhi ya siku ya kwanza, wala si kabla. Kuna okidi za kila rangi. Watoto hupita wakiwa wameshika vipangaboi vya karatasi vinavyozungushwa na upepo, kwa imani kwamba kikizunguka, bahati ya mwaka nayo inageuka.

Mpeleke mama asubuhi ya Jumatano au Alhamisi, soko likiwa wazi na watu wachache, mkae na muulize bei bila haraka. Jioni watu huongozwa na askari katika mkondo mmoja, na aliyeingia hawezi kugeuka mpaka atokee upande wa pili, jambo ambalo kwa mtu wa miaka 67 si la kujaribiwa. Wewe na mume wako rudini usiku wa mkesha peke yenu. Wauzaji hawataki kubaki na maua baada ya mwaka kugeuka, kwa hiyo saa za mwisho bei hushuka mno, na watu huondoka wamebeba matawi marefu kuliko wao wenyewe hadi ndani ya treni ya chini ya ardhi.

Mkesha wenyewe, Ijumaa tarehe 5, unahitaji utaratibu. Tangu 2025 siku hiyo imekuwa sikukuu rasmi kisheria, na ifikapo alasiri mji unazimika. Mwaka wangu wa kwanza wa kupokea wageni niliwaahidi chakula cha jioni cha mkesha bila kuweka nafasi mahali popote, nikiamini kwamba mji mkubwa kiasi kile haukosi mgahawa. Tulizunguka kwa miguu muda wa saa mbili na nusu, kila mlango ukiwa umefungwa au ndani mna meza zilizowekwa majina tangu mwezi uliopita, na mwishowe wageni wangu, mmoja wao akiwa mgonjwa wa kisukari, walikula biskuti na ndizi chumbani. Nimelibeba kosa lile mpaka leo. Wekeni nafasi ya mlo wa mkesha si chini ya wiki 3 kabla, na siku hiyo asubuhi nunueni mkate, matunda, mayai ya kuchemsha na maji ya kutosha siku mbili.

Kwa Mwislamu jambo hili linarahisishwa na historia ya mji. Bandari ya Guangzhou ilipokea Waarabu na Waajemi tangu enzi ya Tang, na Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara mweupe wa mita 36 hivi katika Barabara ya Guangta, ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa nchini China. Upo pia Msikiti wa Xianxian, karibu na Bustani ya Okidi, penye kaburi ambalo mapokeo ya Waislamu wa China hulihusisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wengi hawakubali kwamba sahaba huyo alizikwa huko, lakini mahali penyewe pana utulivu na heshima, na swala ya Ijumaa hukusanya watu wa rangi zote. Na kwa kuwa mkesha wenu utaangukia Ijumaa, mnaweza kuianza siku hiyo kwa swala pale Xianxian, na kutoka hapo mpaka mtaa wa Xiaobei si mbali. Bila shaka unaujua mtaa huo, maana Waafrika wengi hufikia hapo. Migahawa ya Waarabu na Waturuki iliyoko huko haifungi kwa wingi kama ya Wachina, kwa sababu wenyewe hawana mlo wa mkesha wa kuukimbilia. Usitegemee vile vihoteli vidogo vya tambi za Lanzhou vyenye maandishi ya kijani mlangoni. Ni halali na vipo kila pembe ya mji siku za kawaida, lakini wenyewe wametoka Gansu na Qinghai, na likizo ndefu kama hii wengi wao huitumia kwenda kuona jamaa.

Fikirini kufikia Xiaobei au jirani yake kwa sababu nyingine pia. Hoteli za wafanyabiashara hukosa wageni katika wiki hiyo, na mara nyingi hushusha bei, wakati zile zilizo karibu na bustani za burudani na wanyama kule Panyu hupandisha. Chagueni hoteli iliyozoea pasipoti za kigeni, kwa sababu mgeni hana budi kusajiliwa polisi ndani ya saa 24 tangu afike, na hoteli ndiyo inayofanya kazi hiyo kwa niaba yenu. Mkikaa nyumbani kwa rafiki, mtalazimika kwenda kituoni wenyewe, siku ambazo afisa anayehusika huenda yuko likizo.

Siku ya kwanza ya mwaka, Jumamosi, msipange mengi. Makumbusho mengi hufungwa mkesha, na mengine hata siku hiyo, kwa hiyo Ukumbi wa Ukoo wa Chen, uliokamilika mwaka 1894 na ambao nakshi zake za mbao, mawe na vigae hazina mfano kusini mwa China, uoneni kabla ya tarehe 4. Asubuhi ya tarehe 6 nendeni Bustani ya Yuexiu. Mwaka utakaoanza siku hiyo ni mwaka wa yang, neno ambalo kwa Kichina hubeba mbuzi na kondoo pamoja, na Guangzhou ndio Mji wa Mbuzi Watano. Hadithi yake husema kwamba zamani za njaa walishuka waja watano wa mbinguni wakiwa wamepanda mbuzi watano wenye masuke ya mpunga vinywani, wakawapa watu mpunga huo na kuwaombea wasione njaa tena, nao wakatoweka, mbuzi wakageuka mawe. Sanamu kubwa ya mawe ya mbuzi hao imesimama katika bustani hiyo kwa zaidi ya miaka 60, na ndiyo alama ya mji. Mwaka wa mbuzi huja mara moja katika kila miaka 12, na wa mwisho ulikuwa 2015. Endapo safari hii inahitaji sababu ya kufanywa mwaka 2027 badala ya mwaka mwingine, sijui sababu iliyo bora kuliko hiyo.

Mkiwa nje mtakutana na ngoma za simba. Simba wa kusini hubebwa na watu wawili, hufumba na kufumbua macho, na mwenye duka huwatundikia majani ya saladi pamoja na bahasha nyekundu juu ya mlango. Simba hupanda, huyameza, kisha huyatema majani na kubaki na bahasha, kwa kuwa jina la majani hayo katika Kikantoni linasikika kama kuzalisha mali. Simameni kando ya mlango, wala msikatize mbele ya simba. Kurusha fataki kwa mtu binafsi kumepigwa marufuku ndani ya mji, na usiku wa siku ya kwanza, serikali ya mji ikitangaza fataki zake juu ya Mto Zhu, vituo vya treni vilivyo kando ya mto hufungwa mapema. Ningemwacha mama hotelini, au ningetafuta chumba kilichoelekea mtoni.

Bahasha nyekundu zitawahusu ninyi pia, na hapa watu wa Guangzhou wana desturi ya upole ambayo naipenda. Anayetoa ni aliyeoa au kuolewa, na anayepokea ni asiyekuwa na ndoa, awe mtoto au mtu mzima. Kiasi ni kidogo, yuan 5, 10 au 20, tofauti na mikoa mingine ambako bahasha hugeuka mzigo kwa mtoaji. Wekeni noti mpya ndani ya bahasha 10 au 15, mziepushe na namba 4, ambayo Wachina huiona ya nuksi, na muwape mfagiaji wa hoteli, mlinzi wa mlango na watoto wa jirani mtakaokutana nao. Toeni na mpokee kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa sisi, wala bahasha haifunguliwi mbele ya aliyeitoa. Mama mkwe wako akimpa msichana wa mapokezi bahasha kwa mikono yake miwili na kumtamkia "gung hei fat choi", salamu ya Mwaka Mpya ya kumtakia mtu utajiri, nakuhakikishia kwamba atahudumiwa kama bibi wa nyumba.

Fedha za kawaida zipangeni nyumbani. Alipay na WeChat hukubali kadi za Visa na Mastercard za nje. Mnaziunganisha kabla ya kusafiri na kuthibitisha kwa pasipoti, mkijua kwamba malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato, na yanayozidi hapo hukatwa asilimia 3. Fanyeni hivyo kwenye simu mbili tofauti, ili moja ikizimika msikwame. Benki hupunguza saa katika sikukuu, kwa hiyo noti za bahasha zitafuteni mapema katika wiki. WhatsApp haifanyi kazi kwenye mitandao ya huko. Laini ya nyumbani iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje kwa kawaida huipitisha, nayo ndiyo njia rahisi ya mama kuzungumza na wajukuu.

Juu ya hali ya hewa, wageni hudanganywa na ramani. Guangzhou ni kusini, na wastani wa Februari ni nyuzi 15 au 16, lakini wimbi la baridi likishuka kutoka kaskazini huweza kufika nyuzi 5, na nyumba na hoteli nyingi hazina joto la ukutani kama za Beijing. Ni baridi yenye unyevu, inayoingia mifupani. Mchukulieni mama sweta mbili, soksi za sufu na viatu visivyoteleza, kwa sababu baridi hiyo ikivunjika ghafla, hewa ya bahari huingia na sakafu za marumaru hutoka jasho mpaka zinateleza kama zimemwagiwa sabuni.

Limebaki suala la Hong Kong. Treni ya kasi huwafikisha huko kwa muda wa saa moja hivi, na ndiyo sababu wengi huiona kama mtaa wa jirani. Kwa hesabu ya uhamiaji, kuingia Hong Kong ni kutoka China bara, na viza ya kuingia mara moja huishia hapo mpakani. Nyinyi mnaweza kupita huko mkiwa njiani kurudi nyumbani, lakini msiende kwa siku moja mkitegemea kurudi Guangzhou jioni. Kwa kuwa safari hii ni ya matembezi, ombeni viza ya utalii. Iombeni kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Disemba, kwa maana viza ya kuingia mara moja mara nyingi hutakiwa kutumika ndani ya miezi 3 tangu itolewe, na anayeichukua Septemba anaweza kukuta imekwisha kabla ya sikukuu. Tarehe kamili za likizo ya 2027 hutangazwa na serikali ya China, kwa kawaida mwezi Oktoba au Novemba wa mwaka unaotangulia. Mwaka 2025 zilikuwa siku 8, na mwaka 2026 siku 9. Tangazo hilo likitoka, linganisheni na tiketi zenu, kisha piga simu hotelini uulize mambo mawili: kama jiko lao litawaka usiku wa tarehe 5, na kama wanaweza kumpa mama chumba kilicho karibu na lifti.